Mwenye Nguvu Mpishe: Nani Apishe Njia Katika Mchezo wa Watoto?

Wahenga walisema, "Mwenye nguvu mpishe." Ni maneno matatu tu, na aghalabu hutolewa kama nasaha: asiye na ubavu asijitie kushindana na aliye nao, asije akaumia bure. Watoto wa Handeni na Korogwe huijua methali hii kabla ya kuisoma darasani, kwa kuwa barabara huwafunza. Njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita Mkata na Kabuku, hufika Segera inapoachana na ile iendayo Tanga mjini, kisha hushika njia ya Korogwe na Mombo. Humo hupita mabasi ya abiria na malori ya mizigo, usiku na mchana. Sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1973 humtaka dereva ampishe mwenda kwa miguu katika kivuko chenye alama. Lakini mtoto mwenye madaftari mkononi haiangalii sheria, huyaangalia magurudumu. Basi likija, hurudi nyuma hatua mbili. Lori likija, hurudi tatu. Hivyo ndivyo anavyojifunza kwamba njia ni ya mzito.

Mtoto huyo akishavuka na kufika shuleni, hukuta mahali pengine penye mbio na njia, nao ni uwanja wa michezo. Hapo nako kuna wazito na wepesi. Katika darasa moja la sita huweza kukutana mtoto wa miaka 11, mwenye mwili wa kitoto bado, na mwenzake wa miaka 14 ambaye mabega yameshaanza kumtanuka. Wote wawili huukimbilia mpira mmoja. Swali linalozuka hapo ni la zamani kuliko mpira wenyewe: wawili wanapotaka kupita mahali pamoja kwa wakati mmoja, na kila mmoja anayo sababu yake ya haki, nani apishe? Na asipopisha, mwenziwe akaumia, je, amekosa, au limekuwa jambo la bahati mbaya tu?

"Bahati mbaya" ndilo neno la kwanza kusikika uwanjani baada ya kilio. La pili ni "sikukusudia". Mtoto anayelitamka la pili mara nyingi husema kweli. Hakutoka kwao asubuhi akiwa na nia ya kumvunja mwenzake mkono. Alikuwa anakimbia, akauona mpira, hakumwona mtu. Watu wazima nao, ambao wamechoka na kesi za watoto, hulipokea neno hilo kwa urahisi, wakampangusa vumbi aliyeanguka, wakawaambia wote wawili waendelee na mchezo. Hapo jambo huwa limekwisha. Lakini limekwisha kwa nani? Kwa aliyeumia halijaisha, na kwa aliyeumiza huenda ndio kwanza limeanza, kwa maana amejifunza leo kwamba kutokuona kwake ni udhuru kamili.

Kanuni za mpira wa miguu zimejaribu kuufunga mlango huo. Kanuni ya 12 huyagawa makosa ya kumvamia mchezaji katika daraja tatu: uzembe, ambao huleta adhabu ya mpira bila kadi, kutojali hatari, ambako huleta kadi ya njano, na nguvu ya kupita kiasi, iletayo kadi nyekundu. Katika daraja hizo zote mwamuzi hahitaji kuthibitisha kwamba mchezaji alikusudia. Hutazama jinsi alivyomwendea mwenzake. Hata hivyo mpira wa miguu una ugumu wake. Mpira ni wa wachezaji wote 22, na unapokuwa huru hewani au ardhini hakuna ambaye njia ya kuufikia ni yake peke yake. Kwa hiyo wawili wakigongana, mara nyingi hubakia ubishi usio na mwisho: kila mmoja aliufuata mpira, na kila mmoja alikuwa na haki ya kuufuata.

Upo mchezo mwingine ambao umelazimika kulijibu swali hilo kwa uwazi zaidi, nao ni besiboli. Si mchezo uliozoeleka Handeni wala Korogwe, lakini si mgeni kabisa katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Uganda ilishinda mashindano ya kanda yake na kupata nafasi ya kwenda Williamsport, Marekani, kwenye fainali za dunia za ligi ya watoto iitwayo Little League, lakini ikanyimwa viza. Mwaka uliofuata, 2012, watoto wa Lugazi walifika huko, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika fainali hizo. Dar es Salaam nayo ilipata uwanja wa besiboli mwaka 2018, katika eneo la Shule ya Sekondari Azania, kwa msaada wa Wajapani. Mchezo huu, basi, unaanza kuingia katika shule za ukanda huu, na unakuja na kanuni zake za kugongana. Kanuni hizo zafaa kuchunguzwa hata na yule ambaye hatashika gongo maishani mwake, kwa kuwa ndani yake mna jibu lililofikiriwa vizuri kwa swali la nani apishe.

Mchezo wenyewe kwa ufupi ni huu. Timu mbili hupokezana: moja hupiga mpira kwa gongo, nyingine hulinda uwanja. Aliyepiga huacha gongo akakimbia kuzunguka vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la almasi, na akirudi salama kituo cha nyumbani timu yake hupata pointi moja. Walinzi nao huufuata mpira, huudaka, hurushiana, na hujaribu kumgusa mkimbiaji kwa mpira huo kabla hajafika kituoni. Akiguswa, hutolewa. Kwa hivyo besiboli imejengwa juu ya watu wenye shughuli mbili tofauti katika ardhi moja: mmoja anataka kufika, mwingine anataka kudaka. Mkimbiaji huangalia kituo. Mlinzi huangalia juu, au huinama chini, macho yake yakiwa kwenye mpira. Njia zao hukatana, na zikikatana ndipo miili hugongana.

Kanuni hazikusema kwamba wote wawili wajihadhari sawasawa. Kauli kama hiyo ingependeza kuisikia, lakini isingemsaidia mwamuzi wala mtoto. Badala yake zimegawa haki ya njia kwa hali tatu. Hali ya kwanza ni pale mpira ulipopigwa na mlinzi yuko katika kuudaka. Hapo njia ni ya mlinzi, na mkimbiaji hana budi kumkwepa, hata ikimlazimu kuacha mstari wake na kupoteza muda. Akimgonga au kumzuia, hutolewa. Hali ya pili ni pale mlinzi asipokuwa na mpira wala shughuli ya kuudaka. Hapo njia hurudi kwa mkimbiaji, na mlinzi akisimama katikati kumziba, mwamuzi humpa mkimbiaji kituo ambacho angekifikia. Hali ya tatu ni pale mlinzi alipokwisha kuupata mpira, naye amesimama mbele ya kituo akimngoja mkimbiaji ili amguse. Kwa watoto wa Little League, mkimbiaji huyo ana mambo mawili ya kuchagua: ateleze chini kuelekea kituo, au ajaribu kumzunguka mlinzi. Akiacha yote mawili akamvaa kifua kwa kifua, ametolewa. Zaidi ya hayo, watoto wa miaka 12 na walio chini yake hukatazwa kuteleza kwa kutanguliza kichwa wanapokwenda mbele. Huruhusiwa tu wanaporudi kwenye kituo walichotoka.

Katika hali hizo tatu haki ya njia huhama. Mtoto yule yule ambaye nukta chache zilizopita alikuwa na haki ya kupishwa kwa sababu alikuwa anaudaka mpira, akiukosa na kubakia amesimama, sasa ni mzuiaji na yeye ndiye apaswaye kupisha. Baada ya muda timu zitabadilishana, na mlinzi wa sasa atakuwa mkimbiaji. Hakuna mwenye njia kwa sababu ya ukubwa wa mwili wake, wala kwa kasi yake, wala kwa jina la baba yake. Njia hupewa kazi inayofanywa wakati ule, na kazi ikiisha, haki nayo huondoka.

Mtu anaweza kudhani kwamba kanuni za namna hii zilikuwapo tangu awali katika mchezo wote, wa wakubwa na wadogo. Haikuwa hivyo. Katika ligi kuu ya Marekani mkimbiaji kumvaa mdakaji anayelinda kituo cha nyumbani kulihesabiwa muda mrefu kuwa ni ushujaa. Tarehe 14 Julai 1970, katika mchezo wa nyota uliofanyika Cincinnati, Pete Rose alimvaa mdakaji Ray Fosse ili kuipatia timu yake pointi ya ushindi. Fosse aliumia bega, na uchezaji wake baada ya hapo haukurudi kamwe kuwa ule uliotarajiwa. Huo ulikuwa mchezo wa maonyesho, usiohesabiwa katika msimamo wa ligi, lakini kwa miaka mingi wapo waliomsifu Rose kwa kutokubali kushindwa. Tarehe 25 Mei 2011 mdakaji wa San Francisco, Buster Posey, alivunjika mguu na kuchanika kano za kifundo alipovamiwa na mkimbiaji wa timu pinzani. Mkimbiaji huyo hakuvunja kanuni yoyote iliyokuwapo siku ile. Hata hivyo alitukanwa na kutishiwa na mashabiki. Mwaka 2014 ligi hiyo ikaweka kanuni ya kumkataza mkimbiaji kuacha njia yake ili kumvaa mdakaji, na kumkataza mdakaji asiye na mpira kuiziba njia.

Kisa hicho kina funzo lisilopendeza kwa watu wazima. Kanuni iliyowalinda watoto ilikuwapo kabla ya ile iliyowalinda wanaume wenye mishahara mikubwa. Ina maana kwamba wakubwa walikwisha kujua kuwa kumvaa mtu ni vibaya, maana waliwakataza wana wao. Ila wao wenyewe waliendelea kulipenda jambo hilo na kulilipia viingilio. Kinachokatazwa utotoni kwa jina la malezi huruhusiwa ukubwani kwa jina la ushindani. Na kanuni ya wakubwa ilipokuja, haikuletwa na hoja mpya. Hoja ilikuwapo miaka yote. Iliyoileta ni mifupa ya mchezaji aliyependwa.

Hapa linarudi lile neno la mtoto: "Sikukusudia." Kanuni za besiboli zina tofauti ndogo ambayo mtu akiitafakari ataona ni ya kina. Mkimbiaji akimzuia mlinzi anayeudaka mpira uliopigwa, hutolewa hata kama hakukusudia. Lakini akiuzuia mpira uliorushwa na mlinzi mmoja kwa mwenzake, hutolewa pale tu inapoonekana kwamba alikusudia. Kwa nini nia ihesabike huku na isihesabike kule? Mpira uliorushwa huweza kutoka nyuma ya mkimbiaji, naye hana jicho kisogoni. Haiwezekani kumtaka auchunge mpira asiouona. Mlinzi aliyeinama mbele yake ili kudaka, huyo anaonekana. Mkimbiaji amepewa macho, miguu na nafasi ya kukwepa. Kwa hiyo kanuni haimwambii kwamba ana roho mbaya. Inamwambia kwamba kumwona mwenzake kulikuwa ni sehemu ya kazi yake, na kazi hiyo hakuifanya.

Maadili ya watu wa pwani hayaoni ugeni katika tofauti hiyo. Sheria ya Kiislamu hutenganisha aliyeua kwa kusudi na aliyeua kwa kukosea. Wa pili hahesabiwi sawa na wa kwanza wala hachukui adhabu yake, lakini kutokusudia kwake hakuifuti dia wala kafara. Moyo wake unaweza kuwa safi na bado kukawa na jambo analodaiwa. Vivyo hivyo, aliyevunja mtungi wa jirani kwa kupitiwa haitwi mhalifu, ila mtungi atalipa. Kosa na ubaya ni vitu viwili. Mtoto aliyetolewa mchezoni kwa kumgonga mwenzake hakutangazwa kuwa mtoto mbaya; ametakiwa tu aibebe sehemu yake ya jambo lililotokea. Mwalimu anayeijua tofauti hii anaweza kumwadhibu mtoto pasi na kumfedhehesha, na anaweza kumsamehe pasi na kumdanganya kwamba hakuna lililotokea.

Kuna hoja nyingine ambayo hutolewa mara kwa mara kuwatetea wanaogonga, nayo ni hoja ya ridhaa. Husemwa: aliyeingia uwanjani ameridhia hatari za uwanja, anayeogopa kuumia na akae kivulini atazame. Ukipenda boga, penda na ua lake. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Hakuna mchezo wa kukimbia usio na kuanguka, na mzazi anayetaka mtoto wake arudi nyumbani bila mchubuko hata mmoja anataka mtoto asiyecheza. Lakini ridhaa ya kuingia katika jambo si ridhaa ya kila kitakachofanywa ndani yake.

Wazigua wa Handeni wana mfano mzuri wa jambo hili katika utani. Utani wao na Wanyamwezi unajulikana, na mashamba ya mkonge ya Korogwe, yaliyowakusanya vibarua kutoka sehemu nyingi za bara, yaliwakutanisha watani wengi mahali pamoja. Mtani ana ruhusa ambayo mwingine hana. Huweza kumwambia mwenzake maneno ambayo yangemfikisha mtu mwingine barazani kwa wazee. Huweza kufanya mzaha hata msibani, na mfiwa asikasirike. Anayekasirika ndiye anayeonekana hakulelewa. Hata hivyo kila mtani anajua mpaka uko wapi. Mzaha wa msibani upo ili kumwinua mfiwa, naye mtani huyo huyo ndiye anayesaidia kazi za mazishi. Siku mtani atakapoutumia utani kumdhuru mwenzake kwa kweli, hatakuwa amefanya utani uliokithiri. Atakuwa ametoka nje ya utani. Ruhusa ilitolewa kwa ajili ya undugu, na ikiuvunja undugu imejifuta yenyewe. Ndivyo ilivyo uwanjani. Mtoto aliyeingia katika mchezo ameridhia kushindwa, kuguswa, kuanguka na kuchafuka. Hakuridhia kuwa kizingiti ambacho mwingine atakivunja ili apite.

Wasambaa, ambao milima yao huanzia ndani ya wilaya ya Korogwe, wana fikra inayolifikisha jambo hili mbali zaidi ya uwanja. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyewachunguza kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chake cha pili juu yao mwaka 1990, ameeleza jinsi walivyozungumzia utawala na mvua. Ilipokuwa nguvu moja imezishinda nyingine zote, ilisemekana nchi hupona. Jambo hilo waliliita kuzifya shi. Ilipokuwa nguvu kwa nguvu, yaani wenye uwezo wawili wakishindana na hakuna anayempisha mwenziwe, nchi iliharibika: mvua hukatika, njaa huingia, hilo waliliita kubana shi. Wanaoumia katika hali hiyo si wale wawili peke yao. Ndiyo maana Waswahili nao wakasema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia.

Fikra ya Wasambaa imekiona kiini cha tatizo. Madhara hayatoki katika nguvu yenyewe. Hutoka pale nguvu mbili zinapokutana na hakuna kinachosema ipi ipite kwanza. Lakini dawa iliyopendekezwa, kwamba nguvu moja izifunike nyingine, inakaribiana mno na lile neno la barabarani, mwenye nguvu mpishe. Itafaa kwa mfalme na mvua yake, penginepo. Haitafaa kwa watoto. Uwanja ambao mmoja amewashinda wote na wote wanampisha siku zote utakuwa na amani, lakini hautakuwa na mchezo. Kanuni ya besiboli inatoa dawa nyingine. Inakubali kwamba wakati wowote ule lazima mmoja awe na njia, ili pasiwe na nguvu kwa nguvu. Ila inakataa kwamba awe yeye huyo huyo daima. Hukumu ya nani apite haisubiri kuona nani atasimama baada ya kishindo. Imeshatolewa kabla hawajakaribiana, na wote wawili wanaijua.

Zipo pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba kanuni hizi huwafanya watoto kuwa legelege, na dunia inayowangoja si legelege. Mtoto wa Kabuku ambaye kesho atasukumana mlangoni mwa basi, atagombania kibarua, atanyang'anywa kipande cha shamba, hafaidiki kwa kufunzwa kwamba wakubwa watampisha. Pingamizi hili halina budi kuheshimiwa, kwa sababu linatoka kwa watu wanaoijua dunia. Lakini linachanganya mambo mawili. Kumkwepa mtu huku ukikimbia kwa kasi yako yote, kuteleza chini kwa wakati wake hasa, kubadili njia bila kupoteza kituo, hayo yanataka wepesi, macho na moyo. Kumvaa mtu kunataka uzito tu. Mtoto aliyefunzwa kukwepa hakupunguziwa ujasiri. Amepewa kazi ngumu zaidi ya kuufanyia. Na ikiwa dunia ni ya kusukumana, basi ni lazima pawepo angalau mahali pamoja ambapo mtoto ameonjeshwa utaratibu mwingine, ili akiingia katika kusukumana ajue kwamba si amri ya Mungu.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Husemwa kwamba mtoto anayempisha mwenzake kwa kuogopa kutolewa hajawa mwema, amekuwa mwerevu. Amepiga hesabu. Mwamuzi akigeuka nyuma, atagonga. Tena wapo walinzi watakaojifunza kujiweka njiani makusudi ili wagongwe, mpinzani atolewe. Kanuni iliyotungwa kumlinda mnyonge ikawa mtego mkononi mwa mjanja. Yote haya hutokea, na hakuna kanuni iliyowahi kutungwa ambayo haikupata mjanja wake. Kwa mjanja huyo ndiyo sababu hali ya pili ikawekwa, ya kumnyima njia asiye na mpira. Lakini kuhusu wema wenyewe, wahenga walishasema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Mtoto hutenda kwanza, akaelewa baadaye. Huamkia wakubwa kwa kuagizwa na mama yake, miaka kadhaa kabla hajajua kwamba salamu ni heshima. Siku moja huamkia bila kuagizwa. Hakuna ajuaye ni siku ipi ile amri ilipogeuka kuwa tabia, hata mama mwenyewe hajui. Lakini bila zile siku za kuagizwa, siku hiyo isingefika. Anayempisha mwenzake mara mia kwa kuogopa mwamuzi analazimika mara mia kumtazama mwenzake. Kumtazama huko ndiko kunakomfunza, na mtu aliyezoea kumwona aliye mbele yake hawezi tena kusema kwa urahisi kwamba hakumwona.

Uwanja wa shule wa Handeni au Korogwe hauhitaji gongo wala almasi ya vituo ili kuipata faida hii. Katika rede, ambamo mmoja hukaa katikati akikwepa mpira wa wenzake wawili, katika kukimbizana, katika mpira wa miguu wa matambara unaochezwa kabla ya kengele, watoto wenyewe hutunga masharti yao na huyabishania kwa sauti kubwa. Mtu mzima akipita huona ni kelele. Hana habari kwamba pale panaandikwa katiba. Anachoweza kuwaongezea ni swali moja kabla ya mchezo kuanza: wawili wakikutana njiani, leo nani apishe? Watajibu, na jibu lao likishakubaliwa na wote, wakati wa kugongana ukifika mkubwa wa darasa hatakuwa na njia kwa sababu ya mabega yake.

Jibu ambalo kanuni za besiboli zimelifikia, na ambalo watoto pia hulifikia wakiachiwa muda, ni kwamba apishe yule anayemwona mwenzake na mwenye nafasi ya kubadili njia. Aliyeinama kuokota hawezi. Macho yake yako chini. Anayekuja mbio, njia yote ikiwa wazi mbele yake, anaweza. Kwa kipimo hicho methali ya wahenga haikubatilika, ila imepata msomaji wa pili. Anayeisoma akiwa chini husikia onyo la kujiokoa, naye anafanya vyema kulifuata. Anayeisoma akiwa juu, nguvu zikiwa zake, imempasa ajiulize kwa nini mwenzake ndiye arudi nyuma siku zote.

Jioni watoto hurudi njia ile ile waliyojia. Hufika ukingoni mwa lami wakasimama, mdogo akishikwa mkono na mkubwa. Kwa mbali, upande wa Segera, taa za basi zinaonekana. Wao wamesharudi nyuma hatua zao mbili. Dereva yuko juu, kioo kipana mbele yake, mguu wake uko karibu na breki, na anawaona.